Bolti Hufunga kwa Kuvutika: Kupata Bolti Mbadala na Kurudisha Uzi Uliokufa Kwenye Injini

Bolti iliyokazwa sawasawa ni bolti iliyovutika. Inarefuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita ambayo jicho haliioni, lakini chuma kikivutwa hutaka kurudi kilikokuwa, na nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayoibana hedi kwenye bloku, kofia ya beringi kwenye makao yake na sampo kwenye gasketi. Bolti ya M10 (yenye kipenyo cha milimita 10) yenye alama ya nguvu ya 8.8, ikikazwa kwa takriban Nm 50 (nyutonimita, kipimo cha toki, yaani nguvu ya kuzungusha), hubana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani mbili na nusu. Nguvu yote hiyo inashikiliwa na meno machache ya uzi, yaani ile mizunguko iliyochongwa kwenye bolti na ndani ya tundu, tena bila usawa: jino la kwanza peke yake hubeba karibu theluthi ya mzigo.

Ukilishika hilo, maswali mengi ya gereji yanajijibu yenyewe. Bolti mbadala haitoshi iwe inaingia tu, kwa sababu kuingia si kuvutika. Uzi uliobaki nusu haufai hata kama bolti inaonekana kushika, kwa sababu utashika hadi bolti ianze kuvutika kweli, halafu utang'oka, na mara nyingi utang'oka siku injini imeshafungwa na kujazwa maji.

Kuna jambo jingine la kuweka akilini kabla ya kushika spana. Spana ya toki haipimi mvutano wa bolti. Inapima ugumu wa kuzungusha. Karibu nusu ya nguvu unayotia huishia kwenye msuguano chini ya kichwa cha bolti, asilimia 40 hivi kwenye msuguano wa uzi, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo uzi wenye kutu au mabaki ya gundi ya zamani utakufikisha kwenye namba ya kitabu huku bolti haijavutika inavyotakiwa. Kinyume chake, ukipaka oili bolti ambayo kitabu kinataka ifungwe kavu, namba ileile itaivuta kupita kiasi. Kusafisha uzi ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kuitambua bolti kabla ya kwenda kuitafuta

Namba ya spana si namba ya bolti. Bolti ya M8 huja na kichwa cha spana 13 kwenye injini nyingi za Ulaya na 12 kwenye za Kijapani. M10 inaweza kuwa na kichwa cha 17, 16 au 14. Anayeomba "bolti ya 14" anaweza kupewa kitu kisichohusiana kabisa na tundu alilonalo.

Kipenyo hupimwa kwa venia (rula ya chuma yenye taya za kupimia) juu ya meno ya uzi, mahali ambapo hapajachakaa. Usitarajie namba kamili: M8 nzima husoma kati ya 7.76 na 7.97, na M10 kati ya 9.73 na 9.97. Ukisoma 7.5 kwenye bolti iliyoandikwa M8, imelika au imevutika na kupungua kiuno, na haina kazi tena.

Pichi, yaani umbali kutoka jino moja hadi la pili, ndipo makosa mengi yanapofanyika. Geji ya pichi ni kifaa cha bei ndogo na hakuna sababu ya fundi wa injini kutokuwa nayo, lakini kama haipo, pima umbali wa meno kumi kwa venia kisha gawanya kwa kumi. Meno kumi ya M10 yenye pichi ya 1.5 yatakupa milimita 15. Ya pichi ya 1.25 yatakupa 12.5. Uzi wa kawaida ni 1.0 kwa M6, 1.25 kwa M8, 1.5 kwa M10 na 1.75 kwa M12. Lakini injini za Kijapani hupenda M10 ya 1.25 na M12 ya 1.25, na hapo ndipo bolti zilizochanganywa kwenye kopo moja zinapoleta balaa. M10 ya 1.5 huingia kwenye tundu la 1.25 kwa mizunguko miwili au mitatu, inakwama, anayefunga anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu ya spana, na tundu la alumini limekwisha. Bolti za inchi ni mtego wa namna hiyohiyo. Ile ya 5/16 yenye meno 18 kwa inchi ina kipenyo cha 7.94 na pichi ya 1.41, kwa hiyo kwa macho ni M8 kabisa.

Kanuni moja huzuia haya yote: kila bolti iingie kwa vidole hadi karibu na kichwa. Ikigoma, itoe. Spana na mashine ya hewa havina kazi kwenye mizunguko ya mwanzo.

Swichi ya presha ya oili nayo inastahili tahadhari yake. Nyingi hutumia uzi wa bomba wa inchi 1/8 ulio wa mshazari, yaani unaopungua unene kuelekea ncha, na kuna aina mbili zinazofanana: wa Kiingereza wenye meno 28 kwa inchi na kipenyo cha karibu 9.7, na wa Kimarekani wenye meno 27 na kipenyo cha karibu 10.3. Nyingine ni M10 ya 1.0. Uzi wa mshazari hupanua tundu kadiri unavyokazwa, hivyo ukilazimisha usiofanana unaweza kupasua nyumba ya alumini ya filta, ambayo bei yake haina uhusiano na bei ya swichi.

Alama za kichwani

Kwenye 8.8, 10.9 na 12.9, namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali, na ya pili ni sehemu ya nguvu hiyo ambapo bolti huacha kurudi kwenye urefu wake. Kwa hiyo 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kubaki imerefuka kwenye 640, 10.9 ni 1000 na 900. Bolti nyingi za Kijapani huandikwa namba moja tu, kama 4, 7 au 9, na 7 huwa karibu na 700, yaani chini kidogo ya 8.8. Bolti za inchi hutumia mistari: mistari mitatu ni daraja la 5, jirani wa 8.8, mistari sita ni daraja la 8, jirani wa 10.9.

Bolti ya kichwa cha pembe sita ya M5 na kuendelea inatakiwa kuwa na alama mbili, ya daraja na ya kiwanda kilichoitengeneza. Kichwa chenye 10.9 peke yake, bila alama yoyote ya mtengenezaji, ni cha kutiliwa shaka. Kichwa kitupu kisicho na chochote ni bolti ya kufungia geti au meza, si ya kuingia kwenye injini.

Bolti za chuma cha pua huwavutia watu kwa sababu hazishiki kutu. Alama ya A2-70 inamaanisha 700 ya kukatika, lakini huanza kubaki imerefuka kwenye 450 tu, chini sana ya 8.8. Isitoshe, chuma cha pua juu ya chuma cha pua huungana na kugandana wakati wa kukazwa, na ndani ya alumini palipo na unyevu huiacha alumini ndiyo iliwe. Kwa kava la plastiki au kishikio cha waya, sawa. Kwa wota pampu, naona ni kosa linalonunuliwa kwa pesa nyingi kuliko bolti sahihi.

Wengine hukimbilia 12.9 wakidhani nguvu zaidi ni usalama zaidi. Kwenye tundu la alumini, uzi wa alumini ndio dhaifu, kwa hiyo bolti ngumu haiongezi kitu. Inachofanya ni kumruhusu mtu akaze hadi alumini ing'oke. Na bolti ngumu kiasi hicho zilizopakwa zinki kwa umeme zinaweza kunyonya haidrojeni wakati wa kupakwa, zikawa dhaifu ndani, na kukatika zenyewe saa au siku kadhaa baada ya kukazwa, injini ikiwa imezimwa. Weka daraja lilelile lililotoka.

Zipi zinunuliwe kwa namba ya kiwanda tu

Bolti za konrodi, za kofia za beringi kuu, za hedi, za flaiwili, za puli ya krankshafti na za gia za kamshafti hazina mbadala wa dukani. Zina umbo la shingo lililochaguliwa kwa hesabu, mara nyingi nyembamba katikati ili zivutike kwa urefu mzima, na uzi wake umeviringishwa kwa mashine badala ya kukatwa. Ukikata uzi kwa dai (chombo cha kukatia uzi wa nje) kwenye kipande cha chuma kigumu hupati bolti ya namna hiyo, maana uzi uliokatwa huacha kona kali chini ya meno, na nyufa huanzia hapo.

Bolti za hedi zinazokazwa kwa toki kisha kwa digrii za kuzungusha, mfano Nm 40, halafu digrii 90, halafu digrii 90 nyingine, kwa kawaida huvutwa hadi zipite mpaka wa kurudi. Ndiyo sababu hubana kwa usawa mzuri kuliko zile za toki tupu: digrii hazidanganywi na msuguano. Lakini zikishafunguliwa huwa zimekwisha, isipokuwa kitabu cha injini hiyo kiseme zinaweza kurudiwa na kutoa kipimo cha urefu wa mwisho. Zipange zote zikiwa zimesimama kwenye kioo au bamba bapa. Ile iliyorefuka kuliko wenzake utaiona mara moja. Hata hivyo kufanana urefu hakuthibitishi kwamba ni nzima, maana zote zinaweza kuwa zimerefuka pamoja.

Kwa sampo, kava ya valvu, taiming kava, wota pampu na vishikio vya altaneta, bolti ya kiwango kutoka kwa muuzaji anayeuza bolti kwa daraja inatosha, mradi daraja, pichi, urefu na aina ya kichwa vifanane. Kama ya awali ilikuwa na flenji, yaani ukingo mpana chini ya kichwa, tafuta yenye flenji. Bolti ya kichwa cha kawaida bila washa huzama kwenye alumini na kulegea. Washa laini ya bei rahisi nayo hubonyea na kuachia. Tafuta washa iliyofanywa ngumu.

Chanzo kizuri kinachosahaulika ni injini mbovu ya aina ileile. Bolti zake zina urefu na kichwa sahihi, na kama si za kuvutwa kwa digrii na uzi wake ni mzima, hazina tatizo. Namba za vipuri nazo husaidia. Kwenye namba za Honda kama 95701-06020-00, sehemu ya 06 ni kipenyo na 020 ni urefu, kwa hiyo orodha ya vipuri inaweza kukuambia ukubwa wa bolti iliyopotea bila kuwa nayo mkononi.

Urefu

Urefu wa bolti hupimwa kutoka chini ya kichwa hadi ncha, isipokuwa zile za kichwa kinachozama, ambazo hupimwa pamoja na kichwa. Uzi unaoshikana ndani ya chuma uwe angalau sawa na kipenyo cha bolti. Ndani ya alumini uwe mara 1.5 hadi 2, yaani milimita 12 hadi 16 kwa M8.

Tuseme kipande kinachofungwa kina unene wa milimita 22 na bolti ni M8. Ukitaka uzi wa 14 unahitaji 36, na dukani utapata 35, ambayo itakupa 13 za kushikana. Sasa chomeka mkia wa venia kwenye tundu. Kina chenye uzi kiwe angalau 16, ili ncha ya bolti isifike chini. Bolti ndefu kupita kiasi ni hatari kuliko fupi, kwa sababu inagota chini ya tundu, spana ya toki inatoa mlio wake, kila kitu kinaonekana kimekaa, na kipande hakijabanwa hata kidogo. Ukiendelea kukaza, unang'oa uzi au unatoboa ukuta kuelekea njia ya maji. Maji au oili iliyobaki ndani ya tundu lisilotoka upande wa pili hufanya vilevile, kwa kuwa kimiminika hakibonyei, na bloku zimepasuka kwa njia hiyo. Puliza matundu kwa hewa, macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani, kabla ya kurudisha bolti yoyote ya hedi.

Ukilazimika kufupisha bolti ya kawaida, weka kwanza nati juu ya uzi, kata kwa msumeno wa chuma, chonga ncha kwa tupa, kisha toa nati. Inapotoka itanyoosha jino la mwisho lililopinda.

Baadhi ya matundu hupenya hadi kwenye maji. Bolti iliyotoka na ncha yenye kutu na harufu ya maji ya rejeta inahitaji siilanti (dawa ya kuziba) kwenye uzi, la sivyo maji yatapanda taratibu hadi chini ya kichwa.

Uzi umekufa kiasi gani?

Kwanza safisha, ndipo uhukumu. Mara nyingi kinachoonekana kama uzi uliokufa ni gundi ya zamani, kutu au meno mawili ya mwanzo yaliyolala. Kwa kazi hiyo usichukue tapu ya kukatia, yaani chombo cha kukatia uzi ndani ya tundu. Huondoa chuma kizuri pamoja na uchafu na kuuacha uzi umelegea. Tumia tapu ya kusafishia, au tengeneza yako: chukua bolti nzuri ya ukubwa uleule, kata mifereji mitatu au minne kwa urefu wa uzi kwa msumeno, ondoa vinyweleo vya chuma, iingize kwa mkono ikiwa na mafuta mepesi.

Ukiona uzi wa alumini umetoka ukiwa umejisokota juu ya bolti, hakuna la kuokoa kwenye meno hayo. Lakini usikimbilie drili. Chomeka waya mwembamba uliopindwa ncha na uhesabu meno yaliyo chini zaidi. Viwandani, tundu mara nyingi hutiwa uzi kwa kina kuliko bolti inavyofika, na bolti ndefu zaidi kwa milimita 5 au 10 inaweza kushika meno mapya ambayo hayajaguswa. Kama kina kinatosha kwa kipimo cha hapo juu, hiyo ni dawa halali na haiharibu kitu.

Kupanua tundu hadi ukubwa unaofuata, M8 kuwa M10, ndiyo njia nisiyoipenda kuliko zote. Kuta zinabaki nyembamba, tundu la kipande kinachofungwa nalo lazima lipanuliwe, na fundi atakayefuata atakuta bolti moja tofauti na wenzake bila kujua kwa nini. Gundi za chuma za kuchanganya, zile za mirija miwili, hazina nafasi kwenye tundu linalobeba mzigo.

Koili ya waya

Njia iliyoenea zaidi ni koili ya waya wa chuma cha pua, kama Helicoil. Tundu hupanuliwa, hutiwa uzi mpya kwa tapu maalumu ya koili, na koili huzungushwa ndani ili bolti ya ukubwa uleule wa awali irudi. Kwa M8 uzi mpya ndani ya alumini huwa na kipenyo cha nje cha takriban 9.6 badala ya 8, kwa hiyo alumini inayobeba mzigo imeongezeka. Koili iliyowekwa vizuri ina nguvu kuliko uzi wa alumini wa mwanzo, na baadhi ya watengenezaji huziweka tangu kiwandani.

Biti za kutobolea ni takriban 6.3 kwa M6, 8.3 kwa M8, 10.4 kwa M10 ya pichi 1.5, fuata iliyoandikwa kwenye seti yako. Tapu lazima iwe ile ya koili yenye pichi ya bolti yako. Tapu ya kawaida ya M10 haiwezi kuchukua nafasi ya tapu ya koili ya M8, hata kama kwa macho zinakaribiana: pichi ni tofauti na koili haitakaa.

Kabla ya kutoboa, pima ukuta. Kama nguzo ya alumini yenye tundu ina kipenyo cha 14, baada ya uzi wa 9.6 itabaki na milimita 2.2 kila upande. Hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Ikibaki moja, tafuta njia nyingine.

Kinachoharibu kazi hii kuliko kitu chochote ni tundu kwenda upande. Mkono mtupu na drili ya umeme mara nyingi huleta mshazari. Kipande kilichofunguliwa kinaweza kuwa kiongozi chako: tundu lake la M8 huwa na upana wa karibu 9, biti ya 8.3 inapita, na pini za kukalisha zinakiweka mahali pake. Tapu ya 9.6 haitapita hapo, kwa hiyo kwa hatua hiyo tumia bamba nene la chuma lenye tundu lililotobolewa wima kwenye mashine. Zungushia biti utepe kuonyesha kina, na usipite kina cha tundu la awali. Chini yake kunaweza kuwa na njia ya oili.

Zungusha tapu nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kukata vipande vya chuma. Kwa alumini weka mafuta ya taa. Kwa chuma, mafuta ya kukatia. Chuma cha kalibu kinakatwa kikavu. Pale ambapo vipande vinaweza kudondokea ndani ya injini, jaza mifereji ya tapu grisi nzito, itoe kila mizunguko miwili, ifute, jaza tena. Kisha osha tundu kwa dawa ya kusafishia breki na lipulizie hadi likauke.

Koili huchaguliwa kwa urefu: mara 1, 1.5 au 2 ya kipenyo. Kwa alumini chukua 1.5 kwenda juu kama kina kinaruhusu. Koili ikiwa huru ni pana kuliko tundu. Chombo cha kuingizia hushika mkia ulioko chini na kuivuta iwe nyembamba. Zungusha bila kusukuma. Ukisukuma, koili huruka jino, nawe utajua baadaye sana, bolti itakapokwama katikati. Simama koili ikiwa robo hadi nusu mzunguko chini ya uso. Ikibaki juu, kichwa cha bolti au gasketi itaikalia na kuivuta nje.

Mkia hukatwa kwa pigo moja fupi la fimbo bapa, kwenye alama yake ya kukatikia. Usiusahau humo ndani. Bolti itagota juu yake. Sumaku huenda isiunase vizuri kwa kuwa ni chuma cha pua, hivyo tumia ncha yenye grisi. Kwenye tundu la plagi usiupige kabisa: ukamate kwa koleo la mdomo mrefu na uuvunje kuelekea juu, au chagua koili isiyo na mkia.

Bushi ngumu kwa mizigo mikubwa

Pale ambapo bolti hufunguliwa mara kwa mara, au panapobeba mzigo wa hedi, bushi ngumu (kibomba cha chuma chenye uzi ndani na nje) yenye kola, yaani ukingo juu, kama Time-Sert, ni bora. Hatua zake ni nne: kutoboa, kuchonga kiti cha kola, kutia uzi, kisha kuingiza kwa chombo kinachosukuma meno ya mwisho ya ndani yapanuke na kushika ukuta. Haiwezi kutoka na bolti, jambo ambalo koili ya waya hufanya mara kwa mara kwenye matundu ya plagi.

Injini ya Toyota 2AZ-FE inajulikana kwa bolti za hedi, hasa za upande wa nyuma, kung'oa uzi kwenye bloku la alumini, na matengenezo yake ya kawaida ni bushi za namna hii kwenye matundu hayo. Injini za Ford Triton za valvu mbili kwa silinda zilijulikana kwa kurusha plagi nje kwa sababu uzi wa hedi ulishika meno machache mno. Katika kazi zote mbili, koili fupi ya waya ni kupoteza muda.

Kwa tundu la plagi, ambalo mara nyingi ni M14 ya 1.25, natetea kuivua hedi. Inawezekana kufanya ikiwa juu ya injini, kwa grisi nyingi, lakini kipande kimoja cha chuma kinachobaki kati ya pistoni na ukuta wa silinda kinaweza kugharimu zaidi ya gasketi ya hedi.

Bolti iliyokatikia ndani

Bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi huwa haijagandana. Kilichobaki hakina mvutano tena na mara nyingi huzungushwa kwa ncha ya senta panchi (chuma chenye ncha kali cha kugongea alama) au biti ya kuzunguka kinyume. Iliyokatika wakati wa kufunguliwa ni habari nyingine: kutu iliyoikata bado inaishikilia.

Kama kisiki kimechomoza, weka nati juu yake, ichomelee kwa ndani na uizungushe ingali na joto. Joto la kuchomelea hufanya nusu ya kazi, kwa kuwa kutu huachia na chuma hujivuta kikipoa. Kwenye alumini, kupasha kuzunguka tundu hadi nyuzi joto 150 hivi kunasaidia kwa sababu alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Na jambo la uhai: futa kabisa dawa ya kusafishia breki kabla ya moto. Zile zenye klorini zikipata joto kali hutoa fosjini, gesi yenye sumu ya kuua.

Kisiki kilichozama hutobolewa katikati kabisa, na katikati kabisa maana yake ni kuchonga uso wake uwe bapa kwanza, kupiga senta panchi, kuangalia, kusahihisha, ndipo biti ya 3. Kwa M8 panda hadi 5, kisha 6.5; uzi wa bolti utabaki kama ganda jembamba la kung'oa kwa ncha kali, au kwa tapu baada ya 6.8. Vile vifaa vya kung'olea vyenye mshazari vinatumika kwa hofu. Ni chuma kigumu sana, na kikivunjika ndani, biti ya kawaida haikiwezi tena.

Kabla ya kufunga

Uzi uliorudishwa ujaribiwe kabla injini haijakaa juu yake. Chukua bolti ya zamani, kipande cha bomba nene kama spesa, na washa ngumu. Kaza hadi toki ya kitabu, legeza, rudia mara mbili. Ikipanda kwa ugumu unaoongezeka sawasawa, tundu limepona. Ikifika mahali inazunguka bila ugumu kuongezeka, uzi unang'oka au bolti inavutika kupita mpaka wake. Simama hapo na uanze upya na bushi kubwa zaidi. Kwa bolti za digrii jaribu hatua ya kwanza ya toki tu.

Kumbuka pia kwamba nguzo iliyotiwa uzi mpya inaweza kuinuka kidogo ukingoni. Pitisha jiwe bapa la mafuta juu ya uso na uondoe kilichovimba, la sivyo gasketi itakaa juu ya mlima mdogo. Gundi nyekundu ya uzi usiitie kwenye M6 za alumini: kuifungua kunataka joto la nyuzi 250 hivi, na anayeifungua bila kujua ataikata bolti ndani ya tundu ulilotoka kulitengeneza.